Baiskeli Inapandaje Ukuta wa Mita Moja?

Huenda umeshaona video yake kwenye simu: jamaa anakuja taratibu na baiskeli isiyo na kiti, anaukaribia ukuta unaomfika kiunoni, gurudumu la mbele linaugusa, na ghafla yuko juu. Hakuna ubao wa kupandia, hakuna mbio. Ukiwauliza watu amewezaje, wengi watakujibu, "Ana kasi huyo." Hebu tupige hesabu kidogo, maana jibu hilo si sahihi, na ukilifuata ukiwa mazoezini litakutoa meno.

Mpandaji huyo anafika ukutani na mwendo wa kama mita 2 kwa sekunde, yaani kilomita 7 hivi kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu anayewahi daladala bila kukimbia. Tuseme nishati yote ya mwendo huo inageuka kuwa kimo, bila kupotea hata chembe. Atapanda sentimita ngapi? 20 tu. Ili apate mita moja kwa njia hiyo angehitaji karibu kilomita 16 kwa saa, na bado angekwama, kwa sababu ukuta ulio wima hauna namna ya kuugeuza mwendo wako uelekee juu. Ukiusukuma, unakusukuma urudi ulikotoka. Kinachoweza kukuinua pale kwenye uso wa ukuta ni msuguano peke yake, na gurudumu la mbele linazunguka huru, kwa hiyo hata huo msuguano ni kidogo sana. Ongeza kasi uone: utagonga kwa nguvu zaidi, basi.

Sasa kama si kasi na si ukuta, ni nini kinachompandisha? Ardhi. Kazi kubwa inafanyika kabla gurudumu la nyuma halijaondoka chini, pale mpandaji anaponyoosha miguu na mgongo kwa nguvu kama mtu anayeruka akiwa amesimama. Ardhi inamjibu kwa kumsukuma juu. Mengine yanayofuata ni kuiwahi nafasi hiyo.

Lakini subiri, nani anaweza kuruka mita moja akiwa na baiskeli? Hapa ndipo penye utamu. Baiskeli inapanda mita moja, ila kitovu cha uzito hakipandi mita moja. Chukua mfano: akisimama wima juu ya pedali, kitovu cha uzito chake pamoja na baiskeli kiko kama mita 1.3 kutoka chini. Akitua juu ya ukuta anatua amejikunyata, magoti yamekaribia kifua, na kitovu hicho kiko kama sentimita 70 tu juu ya ukuta, yaani mita 1.7 kutoka ardhini. Tofauti ni sentimita 40. Kwa mtu na baiskeli wenye kilo 80 kwa jumla, hizo ni juli 314 hivi, badala ya juli 784 za mita nzima. Wanaoruka kamba wanalijua hili bila kusoma fizikia: si lazima uruke juu sana ukijua kukunja miguu.

Mchezo wenyewe ulianzia Katalunya, Hispania. Pere Pi, aliyekuwa mshindani wa pikipiki, alimfundisha mwanawe Ot mbinu za pikipiki kwa kutumia baiskeli, na Ot akaja kuwa bingwa wa dunia. Kanuni kuu ni kupita kwenye vikwazo bila kuweka mguu chini. Ulimwengu wa nje ya mashindano uliujua zaidi mwaka 2009, Danny MacAskill wa Scotland alipoonekana kwenye video akipanda kuta na vyuma vya uzio mitaani Edinburgh.

Turudi ukutani. Mwendo una hatua nne, lakini zote zinaisha ndani ya kufumba na kufumbua. Unakuja taratibu, mguu wako wenye nguvu ukiwa mbele, umejikunja kidogo. Unakanyaga pedali mara moja kwa nguvu huku ukivuta usukani, gurudumu la mbele linainuka. Linagusa ukuta karibu na ukingo. Mguso huo haukupandishi, ila unasimamisha sehemu ya mbele wakati ya nyuma bado inakuja, na hapo hapo unajinyoosha kwa nguvu zako zote. Kisha unakunja miguu, unasukuma usukani mbele, na gurudumu la nyuma linatua kwenye ukingo breki ikiwa imefungwa kabisa.

Ukingo, si uso wa ukuta. Tairi likigonga sentimita chache chini ya ukingo, unarudi kwenye msuguano ule ule tuliousema, na utateleza. Likikamata kona, kona inaweza kukubeba, na mwendo mdogo uliobaki nao unakupindua uelekee mbele. Kwa hiyo ule mwendo wa mita 2 kwa sekunde haukuwa bure; bila huo unabaki umening'inia nyuma ya ukingo, na unajua utaangukia wapi.

Ndiyo maana breki ya nyuma haina mjadala. Waendeshaji wengi wanachukua grenda na kukwaruza ringi makusudi ili pedi zing'ate. Inapiga kelele mbaya, lakini inashika. Friwili nayo ni muhimu. Yenye sehemu 18 za kukamata inaweza kukuacha ukanyage hadi nyuzi 20 hewani kabla haijashika. Yenye 72 haizidi nyuzi 5. Na gia ni nyepesi, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka kama mita 2.5. Phoenix ya kubebea mizigo inaenda karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo inadai nguvu karibu mara mbili kwa mkanyago ule ule. Usijaribu nayo ukuta. Tuta la barabarani, sawa.

Ukitaka kujifunza, anza na kuanguka. Ruka nyuma, tua kwa miguu miwili, usukani ukiwa mkononi, rudia mpaka mwili uzoee. Kisha fanya mguso tu: gurudumu la mbele liguse ukingo, urudi chini. Halafu panga paleti za mbao. Paleti ya kawaida ya Ulaya ina kimo cha sentimita 14.4, kwa hiyo unapanda ngazi kwa ngazi. Vaa kofia ngumu na vikinga miundi, maana pedali ikikukosa mguu inautafuta muundi.

Kosa baya zaidi ni kughairi katikati. Ukishakanyaga, baiskeli imeanza kuinuka na kuzunguka kurudi nyuma. Ukiacha kuruka hapo, umebaki na mzunguko bila kimo, na utaanguka chali. Kama unasita, sita kabla ya kukanyaga. Na ukishindwa mara tatu mfululizo kwenye kimo ulichokiweza robo saa iliyopita, toa paleti moja au pumzika, kwa sababu zile juli zote zinatoka mapajani.