Nani Alichimba Shimo la Ngorongoro?

Sogeeni, wapwa zangu, sogeeni karibu. Leo nina swali la mtoto mmoja wa Karatu. Yeye na wenzake walipelekwa na mwalimu wao hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wenzake wakapiga kelele za kuwatafuta tembo. Yeye akachungulia chini, akanyamaza, na aliporudi akaniuliza: "Mjomba, nani alichimba shimo hili?"

Swali zuri hilo! Wakubwa wengi hufika pale, wakapiga picha, wakala chakula chao cha njiani na kuondoka bila kuuliza.

Kutoka ukingoni hadi chini ni mita 600 hivi. Sakafu yake ina kilomita za mraba zipatazo 260. Kusanya majembe yote ya Karatu. Ongeza matrekta ya wakulima wa ngano. Bado! Na huo udongo wote ungemwagwa wapi?

Hakuna aliyechimba.

"Sasa limetoka wapi, Mjomba?"

Tuliulize lenyewe.

"Mimi nilikuwa mlima," linasema shimo. "Ndiyo, mlima! Mnacheka? Wataalamu wanakadiria kwamba nilikuwa na urefu wa mita 4,500 au zaidi, na wapo wanaosema nilikaribiana na Kilimanjaro. Tumboni mwangu mlikuwa na mwamba ulioyeyuka kwa joto. Nikautapika. Nikautapika tena. Tumbo likabaki tupu, na juu yake nimebeba kichwa kizito cha mawe. Nitakibebaje? Miaka milioni 2 hadi 3 iliyopita kichwa changu kikaporomoka ndani. Msinionee huruma, sikuwa peke yangu. Majirani zangu Olmoti na Empakaai yaliwapata hayohayo."

Mmeona? Hakuna aliyechimba. Mlima uliangukia ndani ya tumbo lake mwenyewe.

"Lakini Mjomba, huo mwamba uliyeyushwa na nini?"

Nilijua mtauliza. Twendeni jikoni. Bibi kabandika chungu cha uji wa ulezi, uji mzito. Moto uko chini, juu umeota utando. Utando unaonekana umetulia, lakini uji wa chini unajongea: wa moto unapanda, uliopoa unashuka. Ukijongea, unauvuta utando. Utando unakunjamana hapa, unachanika pale. Kwenye mchaniko uji unapata njia. Pwata! Unaruka.

Utando ule ndio ardhi tunayokanyaga mimi na wewe. Chungu ndiyo dunia.

Ila msinielewe vibaya, maana hapa hata vitabu vingine huwachanganya watoto. Chini yetu hakuna bahari ya uji wa moto. Sehemu kubwa ya huko ni mwamba mgumu, wa moto sana, unaojongea polepole mno. Ni mahali pachache tu panapoyeyuka, hasa pale ardhi ya juu inapovutwa na kuwa nyembamba.

Na sisi watu wa Karatu tunaishi karibu na pahala panapovutwa. Afrika inachanika, wanangu. Upande wa mashariki unaachana na upande wa magharibi, milimita chache tu kwa mwaka. Mchaniko wenyewe ndio Bonde la Ufa. Mnaukumbuka ule ukuta ambao basi linaupanda kwa kunguruma, kona baada ya kona, mkitoka Mto wa Mbu? Chini mnaliona Ziwa Manyara. Basi pale ardhi ilikatika. Upande mmoja ukashuka, upande mwingine ukabaki juu.

"Mjomba, ilikatika siku moja?"

La, la. Ilikatika kidogo kidogo. Mwamba wa upande huu unataka kwenda, wa upande ule umeung'ang'ania. Unavutwa, hauendi. Unavutwa, hauendi. Miaka inapita. Siku moja unaachia ghafla! Mtikisiko unasafiri ndani ya ardhi, unafika chini ya kitanda chako, na vikombe vinagongana kabatini. Hilo ndilo tetemeko.

Mara nyingine mtikisaji ni mwamba ulioyeyuka, unaojipenyeza chini kwa chini kutafuta nafasi. Mwezi Julai 2007 mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron, ulitetemeka na kutetemeka. Tetemeko kubwa kuliko yote lilikuwa la kipimo cha 5.9, na hata Nairobi walilisikia. Septemba ya mwaka huohuo jirani yake, Ol Doinyo Lengai, akalipuka na kurusha majivu juu angani.

Lengai bado yu hai. Wamasai huuheshimu mlima huo na huenda kuomba pale. Nami nasema wana sababu, maana ni mlima wa ajabu. Zaha yake, yaani ule mwamba ulioyeyuka ukishatoka nje, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi. Zaha ya volkano nyingi hupita nyuzi 1,000. Hii ya Lengai hutoka nyeusi, nyepesi, ikakimbia kama maji, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Leo hii hakuna volkano nyingine duniani inayotoa zaha ya namna hiyo. Watu hutazama ule weupe kileleni wakadhani ni theluji.

"Mjomba, tetemeko linaua?"

Sitawadanganya. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika Bukoba. Kipimo? 5.9, kilekile cha Gelai. Lakini Gelai watu ni wachache, na nyumba nyingi za kimila ni za fito na samadi. Bukoba ni mji. Kuta za matofali zilianguka, watu zaidi ya 15 wakafariki, na wengi wakalala nje. Kipimo kilikuwa kimoja, vilivyotofautiana ni nyumba na wingi wa watu. Kinachoua zaidi ni ukuta unaoanguka. Kwa hiyo ukikutwa ndani, ingia chini ya meza imara, funika kichwa kwa mikono, kaa mbali na dirisha na kabati. Ukiwa nje, jiepushe na kuta na nguzo za umeme. Na nyumba iliyopasuka usiirudie, hata kama umesahau viatu.

"Sasa kwa nini watu hawahami?"

Ah, wewe utakuwa profesa! Chukua udongo wa shambani kwenu, ule mwekundu unaoganda kwenye soksi mpaka mama anagomba. Huo ulikuwa mwamba wa volkano na majivu. Mvua na jua vimeusaga kwa miaka mingi. Ndiyo maana kahawa inakubali Oldeani, na mahindi na ngano vinakubali Karatu. Hakuna mkulima anayeacha udongo kama huo kwa sababu ya mlima uliokwisha kuporomoka zamani.

Majivu yana kazi nyingine pia, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kule Laetoli, katika eneo hilihili la Ngorongoro, miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, volkano ya jirani ilimwaga majivu. Mvua nyepesi ikanyesha, majivu yakalowa. Wakapita kanga, sungura, tembo, faru. Wakapita pia viumbe waliotembea kwa miguu 2, wahenga wa mbali sana. Majivu yakakauka, yakawa magumu, na majivu mengine yakafunika juu.

"Walikuwa wanaikimbia volkano?"

Hapana. Hatua zao ni fupi, za mtu anayetembea tu.

"Nani aliziona hizo nyayo?"

Mwaka 1976 watafiti waliokuwa na mwanaakiolojia Mary Leakey walikuwa wakitaniana porini. Watu wazima, wasomi, wanarushiana kinyesi cha tembo kilichokauka! Mmoja wao, Andrew Hill, akawa anakwepa, akaanguka. Uso karibu na ardhi, akaona alama za nyayo za wanyama kwenye mwamba. Wakaendelea kutafuta, na mwaka 1978 wakazikuta zile za miguu 2: kisigino, unyayo uliobonyea katikati, kidole gumba kimenyooka mbele kama chako.

"Mjomba."

Naam?

"Kwa hiyo sisi tukirushiana kinyesi cha tembo, ni utafiti?"

Hilo kamwulize mama yako.