Mwalimu, Chungu na Jamaa Zenye Njaa

Katika kila mtaa wa Uvira yupo mtu mmoja aijuaye njaa ya jirani zake kabla ya chifu, kabla ya padre, na kabla ya shirika lo lote lenye gari jeupe. Mtu huyo ni mwalimu wa darasa la kwanza. Yeye hahitaji karatasi ya uchunguzi. Mtoto aliyelala bila kula husinzia juu ya daftari kabla ya saa nne. Asiyekula siku mbili hugombana bure na wenzake. Na yule ambaye nyumbani kwao moto haukuwashwa kabisa, haji. Jina lake huitwa asubuhi, wala hapana aitikaye.

Basi twauliza: mwalimu ajuaye hayo, amwambie nani? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hakuna. Shule ilihesabu watoto, na mashirika ya msaada yalihesabu jamaa, kila mmoja katika daftari lake, wala madaftari hayo mawili hayakukutana. Neno letu la leo ni juu ya kuyakutanisha.

Wasomaji walio mbali yafaa waelewe kwanza jinsi mji huu ulivyo. Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika, nyumba zimefuatana toka Kavimvira mpaka bandari ya Kalundu, na mahali pa kulima ni haba. Kwa hiyo wengi hula wanachonunua: muhogo na mchele wa bonde la Ruzizi, mawese ya Fizi, ndagala na mikeke ya ziwani. Barabara ikikatika, au ziwa likinyima, bei hupanda siku ile ile. Na mambo ya kukata barabara hayakukosekana. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika nyumba za pwani. Mwezi wa Februari 2025, Bukavu ulipotwaliwa na waasi wa M23, watu walimiminika kuelekea Uvira, wengine wakavuka kuingia Burundi. Na mwezi wa Desemba mwaka ule ule waasi hao wakaingia Uvira wenyewe. Tena usisahau wakimbizi wa Burundi, ambao toka mwaka 2015 wamepokewa Lusenda, katika nchi ya Fizi, kando ya wenyeji walio maskini kama wao.

Katika taabu hizo zote shule ndiyo nyumba inayobaki ikijulikana na kila mtu. Hapa kwetu shule nyingi huongozwa na makanisa, kwa mapatano yaliyowekwa na Serikali mwaka 1977. Toka Septemba 2019 masomo ya shule za msingi za Serikali na za mapatano hayalipiwi tena, na madarasa yakajaa. Ni jambo jema. Lakini kufuta karo si kujaza tumbo, na mtoto aliyeingia darasani bure huweza kutoka bure vile vile, njaa ikimwita kwenda kubeba mizigo sokoni au kuokota ndagala ufukoni.

Njia ya kwanza, na ya zamani kuliko zote, ni chungu cha shule. Shirika la Chakula Ulimwenguni, ambalo sisi twaliita PAM, limeendesha kantini za shule katika mashariki ya Kongo: shirika huleta unga, maharagwe, mafuta na chumvi, wazazi huleta kuni na maji na mikono ya kupika. Kwa mbali yaonekana ni kazi nyepesi. Wale mama wapikao wajua kwamba maharagwe hutaka saa nyingi motoni, kwamba kuni ni ghali, na kwamba ghala isiyo na sakafu iliyoinuliwa hugeuza unga kuwa uvundo katika majira ya mvua. Tena liko jambo la maji. Uvira ni mji ambao kipindupindu kimekaa miaka mingi kama mwenyeji. Chungu kisichopikwa kwa maji safi, na watoto wasionawa mikono, vitaleta mauti mahali palipotakiwa uzima. Sisi twaona kwamba shule isiyo na bomba wala pipa la maji yenye dawa isipewe chungu kwanza. Ipewe maji kwanza, hata wazazi wakinung'unika.

Lakini chungu humlisha mwanafunzi tu, na kaka yake mchanga amebaki nyumbani. Hapo ndipo shule yapasa kuwa mlango, si meza peke yake. Katika nchi nyingi mtoto ahudhuriaye vizuri, mara nyingi siku 80 katika kila 100, hupewa chakula cha kupeleka kwao, na hasa wasichana, ambao huondolewa shuleni upesi kuliko ndugu zao. Na iko njia nyingine isiyohitaji hata gunia moja. Ni ule utepe wa kupima mkono wa mtoto mdogo, aliye kati ya miezi 6 na miaka 5: ukionyesha rangi nyekundu, yaani chini ya milimita 115, mtoto yu hatarini na yampasa kufika kituo cha afya mara moja. Kina mama wengi wamekwisha kufundishwa kuutumia wenyewe. Mkutano wa wazazi shuleni ni mahali pazuri pa kuugawa utepe huo na kutaja siku na mahali ambapo dawa na chakula cha watoto dhaifu hutolewa. Wangapi hufiwa na mtoto kwa kuwa tu hawakujua mahali pa kwenda!

Sasa tufike penye mwiba, maana tusiposema sisi, wasomaji watasema wenyewe. Ni orodha ya majina. Katika Kivu lipo neno ambalo kila mtu alijua: "retour". Mtu aandikwa apate msaada, na akiisha kuupata humrudishia aliyemwandika sehemu yake. Shule haina kinga ya ugonjwa huo. Mwalimu mwenyewe mshahara wake ni mdogo na huchelewa, na watoto wake wana njaa pia. Kumpa peke yake kalamu ya kuandika nani ale na nani asile ni kumjaribu bure. Mwalimu ataje tu watoto anaowaona dhaifu au wanaokosa shule. Kamati ya wazazi, yenye wanawake wasiopungua nusu, pamoja na viongozi wa jumuiya ndogo wanaozijua nyumba, ihakikishe. Kisha hesabu ya magunia yaliyoingia na yaliyotoka isomwe mbele ya wazazi wote, kwa sauti.

Twasema hesabu isomwe. Hatusemi majina ya maskini yatangazwe. Aibu nayo huua. Baba aliyekuwa mvuvi mwenye mtumbwi wake hatapanga mstari mchana kweupe machoni pa majirani. Huko Nairobi, katika mpango uitwao Dishi na County ulioanza mwaka 2023, mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani, na kinachobaki hulipwa na serikali ya kaunti pamoja na shirika la Food4Education. Mtoto huvaa kifaa kidogo mkononi, hukigusisha mahali pa kugawia, akapewa chakula. Mwenzake aliye nyuma hajui nani amelipiwa na nani. Vifaa vile si vyetu kwa leo, lakini shauri lililo ndani yake twaweza kuliiga hata kwa karatasi.

Liko na jambo la kalenda. Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zimepatana kulipumzisha ziwa kila mwaka toka 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazae. Hatulipingi, maana samaki wamepungua. Ila shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Julai. Hivyo katika wiki zile zile ambazo nyavu zimeanikwa, chungu cha shule nacho kimepinduliwa. Msaada unaopitia shuleni usipopangwa kwa kuitazama miezi hiyo, utawaacha watoto wa Kalundu na Makobola wakati wanapouhitaji kuliko wakati wote. Na wako wasio na shule kabisa. Mara nyingi hao ndio maskini wa maskini, na jina lao halimo katika daftari lo lote la mwalimu. Wanafunzi wawajua. Waulizwe.

Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na chakula cha msaada mashariki ya Kongo kikapungua huku wenye njaa wakiongezeka. Hatuwezi tena kukaa tukitazama barabara. Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, imeanza toka 2021 kulisha watoto wa shule zake za Serikali kwa fedha za Serikali pamoja na mchango wa wazazi. Brazil iliagiza kwa sheria ya mwaka 2009 kwamba fedha za chakula cha shule, asilimia 30 kwa uchache, zinunue mazao ya wakulima wadogo. Mchele wa Sange na Luberizi, muhogo wa Fizi, ndagala zilizokaushwa: vyote hivi hupita mbele ya madirisha ya shule zetu vikienda sokoni. Mkulima akijua toka Septemba kwamba shule itanunua magunia yake Januari, atapanda. Na huenda mtoto wake ni mmoja wa wale watakaokula.

Parokia iliyo tayari kuanza isingoje gari jeupe. Mwalimu mkuu, mganga wa kituo cha afya na mama wawili wa kamati waketi pamoja Jumamosi moja kabla ya masomo kufungwa, waandike majina ya watoto waliokosa siku nyingi mwezi huo. Jumatatu waende kubisha hodi nyumbani kwao.