Vijana wa Kambini na Dola 25 za Nyumbani



Mzazi anapoombwa ruhusa ili mwanawe akakae kambini miezi kadhaa katika utumishi wa taifa, ana haki ya kuuliza mambo matatu: kijana atafanya kazi gani, nani atamwangalia, na nyumba itapata nini kwa kumkosa. Wiki hii tumeona tuwaletee habari za kambi zilizoendeshwa Marekani zaidi ya miaka 80 iliyopita, ambako maswali hayo yalipata majibu, mengine ya kheri na mengine ya dhulma.

Rais Franklin Roosevelt alishika madaraka Machi 1933. Wakati huo, takriban mfanyakazi mmoja katika kila wanne nchini humo hakuwa na kazi, na vijana wengi walidandia magari ya moshi mji hadi mji wakitafuta kibarua. Ardhi nayo ilikuwa taabani: misitu imefyekwa, na udongo wa mashamba ukichukuliwa na maji na upepo. Rais akayatafutia maradhi hayo mawili dawa moja. Kabla mwezi haujaisha, sheria ilikwisha kupitishwa, na tarehe 17 Aprili kambi ya kwanza ikafunguliwa katika msitu wa jimbo la Virginia. Ndivyo kilivyoanza Kikosi cha Kiraia cha Uhifadhi, kilichojulikana kwa herufi CCC.

Kila kambi ilichukua vijana wapatao 200. Hapo mwanzo waliandikishwa wavulana wasiooa, wa miaka 18 hadi 25, aghalabu kutoka nyumba zilizokuwa zikipokea misaada. Muda wa utumishi ulikuwa miezi 6, na aliyependa aliweza kuongeza hadi miaka 2. Maafisa wa jeshi waliangalia malazi, chakula na nidhamu, ilhali kazi yenyewe ilisimamiwa na wajuzi wa misitu, udongo na mbuga.

Ujira ulikuwa dola 30 kwa mwezi. Katika hizo, dola 25 kwa kawaida zilipelekwa moja kwa moja nyumbani, na kijana akabakiwa na dola 5 za matumizi yake. Jambo hili ndilo tunalowaomba wasomaji walizingatie. Kijana aliyeonekana jana kuwa mzigo, leo ndiye anayenunua unga na kulipa kodi ya nyumba. Wadogo zake walikula kwa jasho lake, na mama akajua kila mwezi kwamba mwanawe yu hai na yumo kazini. Wajibu wa mtoto kwa wazazi haukuachiwa hiari ya kijana wala vishawishi vya mjini. Uliwekwa ndani ya mkataba.

Katika miaka 9, vijana wapatao milioni 3 walipita katika kambi hizo na kupanda miti takriban bilioni 3. Walichonga njia, wakajenga vizuizi vya kuokoa udongo, wakatengeneza mbuga ambazo watu huzitembelea hadi leo. Jioni palikuwa na masomo kwa mwenye kutaka. Makumi ya maelfu waliingia hawajui kusoma wala kuandika, wakatoka wanaweza kujiandikia barua zao wenyewe. Wengine walirudi makwao na useremala, uashi au udereva.

Insafu yatutaka tuseme na kasoro. Sheria ilikataza ubaguzi wa rangi, kwa kifungu kilicholetwa na Oscar De Priest, mbunge pekee mweusi wa wakati huo. Hata hivyo, vijana weusi waliwekwa zaidi katika kambi za peke yao, na ni nadra waliopewa uongozi. Wasichana hawakuandikishwa kabisa. Kwa juhudi za mkewe Rais, Eleanor Roosevelt, walifunguliwa kambi chache za kando, nazo hazikudumu. Aidha kazi ilikuwa na hatari. Mnamo Agosti 1937, moto wa Blackwater katika jimbo la Wyoming uliua watu 15 waliokwenda kuuzima, wengi wao vijana wa kambini.

Vita vilipopamba moto, kikosi kikavunjwa mwaka 1942. Lakini wazo halikufa. Jimbo la California lilianzisha kikosi chake mwaka 1976, nacho kingali kinaandikisha vijana, wanaume kwa wanawake; baadhi yao huishi katika vituo vyake, wakipanda miti na kupambana na moto na mafuriko.

Hapa kwetu Pwani tunayo mikoko iliyokatwa, fukwe zinazoliwa na bahari, na vijana wanaoshinda maskani tangu asubuhi. Kupanda mti ni sadaka, na hili watoto wetu hulijua tangu madrasa. Basi tukiitwa tuwatoe kwa utumishi wa namna hii, tusikatae kwa woga wala tusikubali kwa pupa. Tuulize ujira ni kiasi gani na unafika mkononi mwa nani. Tuulize jioni wanafundishwa nini, nafasi ya ibada ipo vipi, na mabinti wamewekewa stara na usalama gani. Tuulize pia nani atabeba dhamana kijana akiumia. Anayetaka kuaminiwa na mtoto wa mtu hawezi kuchukizwa na maswali hayo, na asiyekuwa na majibu yake hajawa tayari kupokea amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.