Watano wa Mkunazini

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Leo nawasimulia habari za Swema.

Swema alikuwa binti wa Kiyao, umri wake kama miaka 10 hivi. Baba yake alikwisha fariki, na mama yake alikuwa na deni lililomshinda kulipa. Miaka ya 1860 hiyo. Mdai akaja, akamchukua mtoto badala ya deni, akamuuza kwa msafara uliokuwa ukishuka pwani, Kilwa. Mama akakataa kubaki. Akaufuata msafara kwa miguu mpaka nguvu zikamwisha, akafia njiani. Swema akapakiwa jahazini, wamebanana humo hata pa kugeukia hakuna. Alipofika Unguja alikuwa taabani, wafanyabiashara wakaona huyu hana mnunuzi tena. Wakamfukia angali hai! Kijana mmoja akasikia kilio, akamfukua, akampeleka kwa masista wa Kikatoliki. Akapona, na padri Antoine Horner akayaandika masaibu yake.

Wengi waliouzwa kama Swema hawakupata wa kuwaandikia. Katika soko la watumwa la Mkunazini, hapo Mji Mkongwe, mnunuzi alikagua meno na misuli, akauliza bei. Jina la mtu halikumhusu. Wengine wakaishia kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakavushwa hadi Uarabuni. Sultani Barghash alilifunga soko mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na mahali hapo hapo likajengwa kanisa la Anglikana. Lakini watu waliendelea kumilikiwa. Sheria ya kufuta utumwa Zanzibar ilitoka 1897.

Nje ya kanisa hilo kuna shimo la mraba, na ndani yake wamesimama watu watano wa rangi ya kijivu, kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mnyororo wa chuma umewaunganisha shingo kwa shingo. Wageni wengi hupiga picha, wakaondoka. Nyinyi msiwe na haraka. Mtazameni mmoja mmoja usoni, kila mmoja ana uso wake. Mimi naona msanii alifanya vyema kutowapandisha juu ya nguzo kama wafalme: huwezi kuwaona bila kuinamisha kichwa.

Kinachoniuma ni kwamba wale watano hawana majina. Waliouzwa hapo walitoka kwao, wengi huko bara, upande wa Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, na kila mmoja aliitwa jina na mama yake. Huenda katika ukoo wenu yupo bibi aliyesikia kwa bibi yake kwamba fulani alichukuliwa, hakurudi. Muulizeni angali nasi. Akiwatajia jina, liandikeni daftarini, pamoja na kijiji alikochukuliwa na jina la aliyewasimulia.