Profesa asiye na digrii: Alichokiacha Richard Leakey Turkana, na somo lake kwetu Pwani

Ukimtajia mtu wa Pwani jina la Turkana, aghalabu atakumbuka ukame, wizi wa mifugo na kambi ya wakimbizi. Miaka ya karibuni limeongezeka la mafuta. Bomba la kutoka Lokichar limepangwa kufika Lamu, na mwaka 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Turkana ilipakiwa melini bandarini Mombasa. Basi hawa ni majirani zetu kibiashara, tutake tusitake, na yafaa tujue kwao kuna nini zaidi ya mafuta. Mimi nimefika Lodwar na Kakuma kwa basi la kupitia Kitale, na jambo lililonishughulisha kule ni maisha ya mtu mmoja, marehemu Richard Leakey.

Leakey alizaliwa Nairobi tarehe 19 Desemba 1944. Wazazi wake, Louis na Mary, ndio watafiti waliovuma kwa uchimbaji wa Olduvai, Tanzania. Yeye shule haikumkaa. Aliiacha mapema, chuo kikuu hakusoma, akawa anatega wanyama, anaongoza watalii porini na kurusha ndege ndogo. Mwaka 1967, akiwa angani juu ya ufuo wa mashariki wa ziwa lililoitwa Rudolf wakati huo, aliona matabaka ya ardhi akahisi yana kitu. Mwaka uliofuata alipiga kambi Koobi Fora na kuanza kazi. Mwaka huohuo wa 1968 akapewa kusimamia makumbusho ya taifa Nairobi, umri haujatimia miaka 25. Cheo cha uprofesa alikuja kukipata baadaye sana, katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka jiwe, havichimbuliwi kwa bahati nasibu. Mvua ikinyesha Turkana, maji hukwangua ardhi na kipande kidogo huchomoza. Mtu hutembea juani siku nzima, macho chini, akitafuta rangi na umbo lisilo la jiwe la kawaida. Waliokuwa na macho hayo ni Wakenya. Fuvu mashuhuri lenye namba 1470 liliokotwa mwaka 1972 na Bernard Ngeneo. Mwaka 1984, pale Nariokotome upande wa magharibi wa ziwa, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na changarawe. Walipochimba, walipata sehemu kubwa ya kiunzi cha mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye dunia inamwita Kijana wa Turkana. Leakey aliwataja wenzake hawa, lakini magazeti yalibaki na jina lake. Wote wawili walifariki mwaka 2022: Leakey tarehe 2 Januari, Kamoya mwezi Julai.

Wengi wetu tulimjua Leakey kwa habari za ndovu. Mwaka 1989 Rais Moi alimkabidhi idara ya wanyamapori, ambayo ndiyo iliyogeuzwa kuwa KWS, wakati majangili wakiwamaliza ndovu wa Tsavo. Julai mwaka huo Moi alitia moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi, na Oktoba nchi nyingi zikakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe duniani. Sisi tunajua uzito wa jambo hilo, maana kwa karne nyingi pembe zilishuka kutoka bara hadi Mombasa, Lamu na Unguja, na nyumba nyingi za mawe zilijengwa kwa faida yake.

Lakini Leakey pia aliwapa askari wake silaha nzito na ruhusa ya kumpiga risasi jangili. Ndovu walipona, hilo sibishi. Hata hivyo, wafugaji wa kandokando ya mbuga waliona kwamba uhai wa mnyama umewekwa juu ya wao, na wanasiasa wakampinga kwa hilo. Mwaka 1993 ndege yake ilianguka, akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Mwaka 1994 akajiuzulu.

Kakuma panaonyesha mwisho wa njia ya bunduki. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, ikakua hadi kuwa mji, katika nchi ambayo miti yake huota kwa taabu kando ya mito mikavu. Kila jioni kila nyumba inataka kuni. Mturkana mwenyeji naye anataka fedha, kwa hiyo anakata na kuchoma makaa awauzie wakimbizi. Utaweka askari wangapi kulinda kila mgunga? Nafuu kidogo imetokana na mathenge, ule mti wa miiba ambao ndugu zetu wa Tana River wanaujua kwa ubaya wake. Huo ukikatwa hakuna anayelia, na mwenyeji anapata chochote mfukoni. Uhifadhi unaoanza na chungu cha mtu unasikilizwa.

Na nadhani Leakey wa uzeeni alikuwa ameanza kuelekea huko. Mwaka 2005, akishirikiana na Stony Brook, alianzisha Taasisi ya Bonde la Turkana. Kituo chake kimoja kiko kando ya mto Turkwel, si mbali na Lodwar, na kingine Ileret, ng'ambo ya ziwa. Zamani kila kilichookotwa kilipelekwa Nairobi. Sasa visukuku vinaweza kusafishwa, kuhifadhiwa na kusomwa kulekule vilikotoka, na vijana wa Turkana wanafundishwa kazi hiyo. Ikal Angelei alikuwa akifanya kazi katika taasisi hiyo alipopata habari za bwawa la Gibe III la Ethiopia, linalozuia maji ya mto Omo unaolijaza ziwa. Akaanzisha shirika la kulitetea ziwa, na mwaka 2012 akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mturkana aliyekuwa karibu na elimu ndiye aliyesimama kuwasemea watu wake.

Sasa turudi kwetu. Vigango vya Wamijikenda viliibwa makaburini vikauzwa, na vingine vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Baadhi vimerudishwa Kenya. Je, vikifika vinakaa wapi, na nani anavieleza? Misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, lakini iliyosalia imesalia kwa sababu wazee wanailinda kwa miiko, wengi wao bila mshahara. Kamoya wetu ni hao wazee, na wavuvi wanaoujua mwamba kwa jina, na mafundi wanaojua ukuta wa matumbawe unavyopumua.

Serikali zetu za kaunti hazikosi wageni wenye digrii. Zinachokosa ni nafasi ya kazi, kwa mshahara na kwa jina lililoandikwa, kwa mwenyeji mwenye ujuzi usio na cheti. Leakey, asiye na cheti hata kimoja cha chuo, alipewa makumbusho ya taifa. Kijana wa Kilifi, Kwale au Lamu angepewa nini?