Wakala wa bima asiye na wenzake ni hatari kwa mteja

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, lakini maana yake ilinifikia nikiwa mtu mzima, mwenye mkoba wa karatasi za bima begani na deni la aibu moyoni.

Kazi yangu ni uwakala wa bima ya afya. Wakala si mwajiriwa. Halipwi mshahara mwisho wa mwezi, bali hupewa na kampuni sehemu ndogo ya ada anayoilipa mteja. Asipouza hali. Ndiyo maana wengi wetu huamka alfajiri, tukatembea kutoka Ndia Kuu hadi Marikiti na kutoka Makadara hadi Barabara ya Moi, kila mmoja peke yake, tukimtazama mwenzetu kama mwindaji amtazamavyo mwindaji aliyeingia katika pori lake.

Miaka kadhaa iliyopita nilimuuzia bima fundi seremala mmoja wa Kibokoni. Alikuwa amefunga ndoa mwaka uliotangulia na alitaka kuikinga nyumba yake. Ilikuwa tarehe ishirini na nane, nami nilikuwa na haja ya kufikisha hesabu ya mwezi. Nilimweleza faida zote. Sikumweleza kwamba gharama za uzazi hazikuwa zikilipwa mpaka mkataba utimize miezi kumi. Kifungu hicho kilikuwa ukurasa wa tisa, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Fundi alitia sahihi, akanishukuru, tukanywa kahawa.

Kumbe mkewe alikuwa tayari na mimba ya miezi miwili. Mkataba ulipokuwa katika mwezi wake wa saba alishikwa na uchungu, akazaa kwa kupasuliwa. Kampuni ilikataa kulipa, na kwa mujibu wa maandishi ilikuwa na haki. Majirani walichangishana, jamaa wakauza walichokuwa nacho, na mzazi akatoka hospitalini. Nilipokwenda kuwapa pole, mama yake fundi alinitazama kwa utulivu ulionichoma kuliko matusi, akaniambia: "Mwanangu, mbona hukunambia?"

Sikuwa na jibu. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hapana aliyeniuliza tena. Sikuvunja sheria, na mwaka uliofuata leseni yangu ilitolewa upya kama kawaida.

Msomaji huenda akauliza: je, serikali haipo? Ipo. Sheria ya Bima ya Kenya ilipitishwa mwaka 1984, na marekebisho ya mwaka 2006 yakaunda Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Wakala hana budi kufanya mtihani wa ustadi na kuwa na leseni. Kampuni zenyewe zina muungano wao tangu miaka ya themanini. Lakini mdhibiti hawezi kuketi katika kila baraza ambapo fundi anatia sahihi, na muungano wa kampuni ni wa kampuni. Anayejua hasa mahali ambapo wakala huruka ukurasa ni wakala mwenziwe, kwa kuwa naye amewahi kuuruka.

Hapo ndipo nilipokikumbuka chama cha mawakala wa kisiwani, ambacho nilikuwa nikikikwepa. Nilidhani ni mahali pa kunywa chai na kuibiana wateja. Nilikwenda siku ya Jumamosi katika chumba cha ghorofani karibu na Treasury Square, nikakuta watu kumi na wawili na feni mbovu. Ilipofika zamu yangu nilikisimulia kisa cha fundi, sauti ikinitetemeka. Kimya kilitanda. Kisha mzee mmoja, aliyeifanya kazi hii kabla mimi sijamaliza shule, akavua miwani na kusimulia kisa chake. Akafuata mwengine. Kabla ya adhuhuri tulitambua kwamba kosa nililolidhani langu pekee lilikuwa desturi ya kazi yetu.

Tuliandika waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye maswali matano. Bima hii hailipi nini? Ni maradhi gani, au uzazi, vinavyongojewa, na kwa muda gani? Ni hospitali zipi zinazoikubali hapa kisiwani? Mwisho wa malipo ni kiasi gani kwa mwaka? Mteja akikataliwa, amlalamikie nani? Tuliafikiana kwamba kila mwanachama atausoma kwa sauti mbele ya mteja kabla ya sahihi, na atakayekiuka ataitwa mbele ya wenzake.

Haikuwa rahisi. Mmoja wetu alijitoa akidai kwamba waraka unafukuza wateja, na hakusema uongo. Mimi mwenyewe nilipoteza wateja wawili katika wiki ya kwanza. Lakini waliobaki walijua walichokinunua, na walipokataliwa jambo, hawakushangaa.

Haja ya uaminifu huo imezidi sasa. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifungwa, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake. Wateja wetu hutuuliza: ikiwa nimeshakatwa huko, je, nahitaji bima yenu pia? Kwa wengine jibu la haki ni ndiyo. Kwa wengine ni hapana. Wakala mwenye njaa, asiye na wa kumkanya, atajibu ndiyo kila mara.

Wala tusidhani kwamba vyama na bima ni mambo mawili ya mbali. Ujerumani ilipotunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, chini ya Bismarck, haikuanzia patupu. Ilitumia pia vifuko vya kusaidiana vya mafundi na wafanyakazi vilivyokuwapo. Nasi hapa Pwani tulikuwa tukichangiana kwa maziko, harusi na ugonjwa kabla ya wakala wa kwanza kubisha hodi. Bima ni mchango ulioandikwa. Ukiondoa uaminifu wa mtaa, hubaki karatasi tu.

Walimu mnalielewa hili kuliko sisi. Chama chenu cha KNUT kimekuwapo tangu mwaka 1957, na aghalabu husikika kikidai mishahara. Ni haki. Hata hivyo, mwalimu mwema anajua kwamba wenzake katika chumba cha walimu humfaa pia kwa kumwambia pale alipomkosea mwanafunzi.

Nanyi wanafunzi, mkimaliza masomo wengi wenu mtaitwa kuuza bima, kwa kuwa ni kazi isiyodai mtaji. Mtaahidiwa safari na zawadi. Kabla ya kuuliza mtalipwa asilimia ngapi, ulizeni wenzenu wanakutana wapi, na siku gani. Msipopata pa kukutana, tafuteni wawili au watatu mkaanze.

Yule mtoto wa Kibokoni sasa anakwenda chuoni, mkoba mgongoni. Babake hakununua bima kwangu tena, nami simlaumu. Lakini kila ninapousoma ule waraka mbele ya mteja mpya, huwa namjibu mama yake.