Dalili ya Mvua ni Mawingu: Tulivyowafundisha Wadogo Hali ya Hewa

Nimeshika kalamu ili niwaeleze kazi tuliyoifanya mwezi wa Machi katika shule ya msingi jirani, tulipoombwa kuwasaidia watoto wa Gredi ya Pili kujifunza hali ya hewa. Wengi wenu mlituona tukitoka langoni siku za Ijumaa tumebeba chupa kuukuu, vijiti na matambara, mkatucheka. Mlidhani tumeanza biashara ya kuokota taka! Leo nitawaambia chupa zile zilikuwa za nini, na jinsi moja kati yake ilivyonifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani.

Kwanza, kwa nini sisi? Hapa mjini Eldoret darasa moja la watoto wadogo lina Wanandi, Wakeiyo, Waluhya, Wakikuyu, Wakisii, Waluo, Wasomali na wengineo. Lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Mwalimu wao alimwambia mlezi wa chama chetu kwamba somo la mazingira limeandikwa kwa Kiingereza, na yeye huhangaika kupata maneno ya Kiswahili ya kuwaeleza watoto. Basi tukatumwa wanne. Tulipewa ruhusa ya kwenda huko Ijumaa kuanzia saa mbili na nusu hadi wakati wa mapumziko.

Nilivyoanza vibaya

Ijumaa ya kwanza niliingia kwa madaha kama mwalimu aliyehitimu. Niliandika ubaoni, "Hali ya hewa ni jinsi anga, jua, upepo na mvua vilivyo mahali fulani kwa wakati fulani." Watoto 46 wakasoma pamoja nami mara tatu. Nikauliza, "Hali ya hewa ni nini?" Wakaimba sentensi yote bila kukosa neno. Nikafurahi. Halafu nikauliza, "Haya, leo hali ya hewa ikoje?"

Kimya! Hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama dirishani. Mwishowe kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo hujatuandikia."

Wenzangu waliangua kicheko, lakini mimi nilipigwa na butwaa. Watoto hawa walikuwa wamekuja shuleni asubuhi kwenye baridi, wengine wamevaa sweta mbili, na bado walidhani hali ya hewa ni kitu cha ubaoni. Tulikubaliana siku hiyo hiyo: kuanzia wiki ijayo, hakuna kuandika kitu ambacho mtoto hajakiona, hajakigusa au hajakipima mwenyewe.

Vifaa tulivyotengeneza

Kifaa cha kwanza ni kipimamvua. Chukua chupa ya plastiki ya maji yenye ubavu ulionyooka. Ile iliyobanwa kiunoni haifai, kwa sababu maji yakifika pale penye wembamba hupanda upesi na kipimo hudanganya. Kata sehemu ya juu, uigeuze kichwa chini na kuitia ndani ya ile ya chini kama mrija wa kumiminia. Kitako cha chupa huwa na mabonde, kwa hiyo weka kokoto kisha mimina maji hadi yazifunike, na hapo chora mstari wa sifuri. Bandika rula ubavuni kuanzia mstari huo. Ifukie kidogo mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, isije ikaangushwa na upepo au ikanyimwa mvua na paa. Soma kila siku saa tatu asubuhi, macho yakiwa sawa na maji, kisha mwaga hadi urudi kwenye sifuri. Saa tatu ndiyo saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma mvua, kwa hiyo watoto walijiona wanafanya kazi pamoja na wakubwa.

Cha pili ni mshale wa upepo: kadibodi iliyokatwa kama mshale, mrija wa soda, pini, na penseli yenye kifutio mwishoni. Ncha ya mshale huelekea kule upepo unakotoka, na hapo ndipo watoto wengi walipokosea mwanzoni. Pia tulishona mfuko wa upepo kama ule wa uwanja wa ndege. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hiyo tulitumia mkono wa shati kuukuu. Ulipojaa upepo na kunyooka, kelele zilifika hadi ofisi ya mwalimu mkuu.

Cha tatu si kifaa bali ni mchezo. Tulimwaga maji kwenye sakafu ya saruji penye jua, watoto wakachora duara kwa chaki kulizunguka dimbwi. Kila baada ya dakika 20 walichora duara jingine. Dimbwi lilizidi kuwa dogo, maduara yakabaki kama pete. "Maji yameenda wapi?" Mmoja akasema yamenywewa na simiti. Basi tukaleta sufuria ya maji moto na kuifunika kwa sahani baridi. Walipoinua sahani waliona matone chini yake. Msichana mmoja akapaza sauti, "Ni mvua ya jikoni!" Sikuwa na maelezo bora kuliko hayo. Jua hupasha ardhi asubuhi, maji hupanda kama mvuke usioonekana, yakifika juu kwenye baridi hugeuka matone, na hayo ndiyo mawingu. Ndiyo maana hapa kwetu mvua nyingi hupiga alasiri, wakati wa kurudi nyumbani, nasi tunalowa!

Mawingu yenyewe tuliwaacha wayape majina. Walitaja pamba, shuka na nywele. Baadaye niliwaambia kwamba mwaka 1802 mwuza dawa mmoja wa London, Luke Howard, aliyapa mawingu majina ya Kilatini ambayo bado yanatumiwa na wataalamu duniani kote, na maana za majina hayo ni rundo, tabaka na kishungi cha nywele. Wadogo zetu walikuwa wamefika hapo bila Kilatini.

Maswali yaliyotutoa jasho

Swali gumu kuliko yote lilitoka kwa mtoto aliyewahi kwenda Mombasa. "Mwalimu, Eldoret iko juu, karibu na jua. Mbona Mombasa ndiko kuna joto?" Nilikuna kichwa, kisha nikamjibu hivi. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150. Sisi tuko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, yaani kilomita mbili tu na kidogo, na hizo kwa jua si kitu. Hewa hupata joto lake zaidi kutoka ardhini kuliko moja kwa moja kutoka kwa jua, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyokuwa nyepesi na kupoa. Kwa wastani hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Piga hesabu uone kwa nini sisi huvaa sweta.

Swali la pili lilitupata sisi wana Kiswahili hasa. Tuliwafundisha majira kama tulivyoyakariri: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Mmoja akauliza, "Kipupwe ni lini?" Tukasema ni mwezi wa Juni hadi Agosti, wakati wa ubaridi baada ya masika. Akasema, "Lakini Julai kwetu kunanyesha mpaka mawe!" Kweli kabisa. Majina hayo yalizaliwa pwani, ambako watu walihesabu mwaka kwa pepo za kaskazi na kusi zilizosukuma majahazi. Kwetu Uasin Gishu mvua huanza Machi au Aprili na huendelea hadi Septemba hivi, ikizidi mara mbili katikati. Maneno ni yetu sote, lakini tukiyafundisha ni lazima tuseme yalitoka wapi. La sivyo mtoto atachagua kuamini kitabu au kuamini macho yake.

Siku kipimamvua kiliposema uongo

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Ijumaa ya tatu mvua ilikuwa bado. Mnakumbuka vumbi la wiki ile. Watoto walikuwa wameandika sifuri siku nne mfululizo kwenye chati yao, na wameanza kuchoka. "Mwalimu, sifuri tena?" Tulipofika saa tatu, mtoto wa zamu alikimbia kwenye kipimamvua na kupiga ukelele. Milimita 38!

Darasa zima lilishangilia. Nakiri kwamba hata mimi nilishangilia. Nilichukua kalamu ya rangi niandike. Hapo msichana mdogo wa dawati la nyuma akanivuta mkono wa sweta akasema polepole, "Lakini mwalimu, vumbi bado liko."

Nilitazama chini. Viatu vyangu vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Tuliwauliza watoto watafute mashahidi wengine. Walikimbia huku na huku kama polisi. Majani ya ua yalikuwa makavu. Ndoo iliyoachwa nje usiku haikuwa na tone. Udongo kukizunguka kipimamvua ulikuwa na unyevu upande mmoja tu. Mawe hayo yote ya ushahidi yaliniangukia mimi, niliyeshika kalamu tayari.

Kijana mmoja akaanza kulia. Tulimpeleka kando, mimi na mwalimu wao. Alieleza kwamba gogo wake, yaani nyanya yake, alipanda mahindi mapema mwezi huo baada ya mvua ya siku mbili iliyokuja ikakatika. Sasa kila jioni gogo hufukua mbegu moja kwa kidole kuangalia kama imeoza. Kijana alikuwa amemwaga kikombe cha maji ndani ya chupa. "Nilitaka iandikwe imenyesha," akasema.

Ndugu msomaji, ungemwambia nini? Ningeweza kumkemea, lakini nilishindwa, kwa sababu nilikumbuka daftari langu la fizikia. Muhula uliotangulia nilipima pendulamu mara mbili badala ya mara sita, kisha nikajaza namba nne kwa kukisia ili mstari wa grafu unyooke. Nilipata alama nzuri. Mtoto yule alidanganya kwa ajili ya mahindi ya nyanya yake, mimi nilidanganya kwa ajili ya tiki nyekundu. Nani mwenye hatia zaidi?

Tulimweleza kwamba kipimamvua hakileti mvua wala hakiizuii. Kazi yake ni kutoa ushahidi. Tukiandika 38 na hakukunyesha, mtu atakayesoma chati atadhani ardhi imelowa, naye atapanda, na mbegu zake zitaoza kama za gogo. Kijana alinyamaza, kisha akakubali. Ubaoni tuliandika: "Ijumaa: 0. Maji yaliyokutwa yalimwagwa na mkono wa mtu." Hatukuandika jina lake.

Jumatano iliyofuata mvua ilikuja kweli, na radi zake. Asubuhi yake mwalimu wao alimpa kijana yule zamu ya kusoma. Milimita 14. Nilipopata habari niliwapigia hesabu: milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba, kwa hiyo milimita 14 katika ekari moja ni zaidi ya lita 56,000. Hata nyinyi wa Kidato cha Nne mngeshangaa. Lakini kijana alituambia kwamba gogo alilazimika kupanda tena sehemu ya shamba. Mvua ilichelewa kwa mbegu zile za kwanza.

Kwa watakaofuata

Wenzetu watakaoendeleza kazi hii mwakani, shikeni haya machache. Anzeni mapema Machi ili ifikapo tarehe 23, ambayo ni Siku ya Hali ya Hewa Duniani, watoto wawe na chati ya kuwaonyesha wazazi. Sifuri nayo iandikwe kwa heshima, maana ni kipimo kama kingine. Waulizeni watoto dalili za nyumbani kwao pia. Kule Bunyore katika kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana tangu jadi kwa kutabiri mvua kwa kuangalia miti, ndege na wadudu, na wataalamu wa hali ya hewa wamewahi kukaa nao na kulinganisha utabiri. Na radi ikilia, hesabuni sekunde tangu umeme umulike: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Msisubiri kumaliza hesabu mkiwa uwanjani au chini ya mti. Ingieni ndani!

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi naongeza kwamba vumbi nalo ni dalili, na aliyeliona alikuwa mtoto wa miaka saba tuliyekwenda kumfundisha. Daftari langu la fizikia nimelirudia. Mstari wa grafu haukunyooka vizuri, lakini namba zote sita ni zangu.